Gitaa la Pembe Mbili

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alichonga gitaa la mninga lenye umbo la herufi V. Nikamwambia mbele ya wenzake kuwa ameharibu mbao za serikali. Gitaa gani hilo lisilokaa pajani? Aliliacha karakana, nadhani liliishia jikoni.

Kumbe, msomaji wangu, nilikuwa narudia kosa la zamani. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Marekani, chini ya Ted McCarty, ilitoa gitaa la umeme liitwalo Flying V. Washindani walidai Gibson imezeeka, naye akataka kuwaziba midomo. Mbao zake zilikuwa za limba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na Kongo (wao wakaubatiza korina!). Na kweli, halikukaa pajani. Wenye maduka hawakulitaka, na kufikia 1959 lilipoachwa, yaliyouzwa hayakutimia mia moja.

Lakini Albert King, mpigaji wa bluzi mzaliwa wa Mississippi, alikuwa na shoto. Kwa kuwa pembe zote mbili zalingana, aliligeuza juu chini, nyuzi zikabaki zilivyo, akapiga. Mwaka 1967 Gibson ikalirudisha, safari hii kwa mahogani, na Jimi Hendrix akalishika. Yale ya 1958 sasa huuzwa kwa malaki ya dola.

Mwanachuo wangu alipangiwa kazi Rukwa. Alikuja kuniaga kwa heshima zote, mikono mitupu.