Picha ya Mtoto, Kisima cha Kijiji

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja kwenda Bagamoyo mwaka 1868, walikwenda na watoto. Wengi wa watoto hao walikuwa wamekombolewa kwa fedha kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa. Walibatizwa, wakapewa majina mapya, wakafundishwa kusoma, kulima na ufundi. Fedha za kuwakomboa na kuwalisha hazikutoka kwa matajiri peke yao. Sehemu yake ilichangwa na watoto wa Ulaya. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alikuwa ameanzisha chama cha Utoto Mtakatifu, ambamo kila mtoto mwanachama alitoa senti kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa China, na baadaye wa nchi nyingine.

Nimeanzia Bagamoyo kwa sababu watu wengi hudhani ufadhili wa mtoto ni jambo la juzi, lililoletwa na magari ya mashirika yenye nembo mlangoni. Ni la zamani kuliko hapo. Hata kabla ya Utoto Mtakatifu, wamisionari wa Kianglikana wa CMS huko Sierra Leone, mwanzoni mwa karne ya 19, waligundua kwamba Mwingereza hutoa kwa moyo zaidi akijua anamsomesha nani. Aliyeahidi pauni 5 kwa mwaka aliruhusiwa kumchagulia mtoto jina. Wamarekani waliofungua shule za bweni Jaffna, katika kisiwa cha Ceylon, walifanya vivyo hivyo, na matokeo yake orodha za wanafunzi zikajaa watoto wa Kitamili wenye majina ya wachungaji wa Marekani. Mtoto alipata chakula na kitabu, mfadhili akapata jina lake kuishi ng'ambo ya bahari. Sisemi biashara hiyo ilikuwa ya hila, ila tangu mwanzo kila upande ulikuwa na chake ulichopokea.

Karne ya 20 iliongeza picha. Mwaka 1919 Mwingereza Eglantyne Jebb alikamatwa jijini London kwa kugawa vipeperushi vilivyoonyesha mtoto wa Austria aliyekondeshwa na njaa, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huohuo, yeye na dada yake Dorothy Buxton wakaanzisha Save the Children. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipopamba moto mwaka 1937, mwandishi wa habari John Langdon-Davies akaanzisha mpango wa wazazi walezi kwa watoto wakimbizi, ambao leo ni Plan International. Mwaka uliofuata, mchungaji wa Kipresbiteri J. Calvitt Clarke akaanzisha mfuko wa watoto wa China mjini Richmond, Virginia. Mfuko huo ndio ulioitwa baadaye Christian Children's Fund. Kila vita vilizalisha shirika lake.

Vita vya Korea vilizalisha mawili, na hayo ndiyo yaliyofika vijijini kwetu kwa nguvu zaidi. Bob Pierce, mhubiri wa Marekani, alikuwa ameguswa na watoto wa China mwaka 1947. Simulizi ya shirika lake yasema mwalimu wa shule ya misheni alimkabidhi binti aliyepigwa na kufukuzwa nyumbani, akamuuliza Pierce atafanya nini, naye akatoa dola 5 alizobakiwa nazo. Mwaka 1950 akaanzisha World Vision, na mwaka 1953 ufadhili wa mtoto mmojammoja ukaanza Korea. Mwenzake Everett Swanson, mhubiri kutoka Chicago, alikwenda Korea mwaka 1952 kuwahubiria askari. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja ya baridi aliwaona wafanyakazi wa mji wakipakia kwenye lori marundo aliyodhani ni matambara, kumbe ni maiti za watoto wa mitaani. Kazi aliyoianza ndiyo iliyokuja kuitwa Compassion.

Mfumo ule ulitengenezwa kwa ajili ya vituo vya yatima. Mtoto ana kitanda chake, ana namba yake, jina lake liko kwenye daftari la mlezi, na gharama zake za mwezi zinajulikana. Fedha za mfadhili wa Chicago au Seattle zinafika kituoni, zinanunua mchele na blanketi, picha inarudishwa kuonyesha amenenepa. Kwa nchi iliyobomolewa na mabomu, yenye watoto wasio na mtu, ilikuwa hesabu nyepesi na ya kweli.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke kijijini Kitui au Singida. World Vision iliingia Kenya mwaka 1974 na Tanzania mwaka 1981. Compassion ilianza Kenya na Uganda mwaka 1980, ikafika Tanzania mwaka 1999. Hata ActionAid, ambayo si shirika la kidini, ilianza mwaka 1972 kwa ufadhili wa watoto 88 wa India na Kenya. Mtoto waliyemkuta huku hakuwa yatima wa kituoni. Alikuwa na mama, bibi, wadogo zake watano, na shamba lisilopata mvua. Ukimnunulia viatu yeye, wadogo zake wanamwangalia miguuni. Ukimpa unga, sufuria ni moja. Ukimtibu kuhara, kesho anateka maji kwenye kidimbwi kilekile wanachonywea ng'ombe wa jirani.

Hapo ndipo ilipo shida ambayo mashirika haya yamehangaika nayo kwa miaka hamsini. Fedha huja kwa sababu ya uso wa mtoto mmoja, lakini umaskini ni wa kijiji kizima. Mtu wa Ohio hatoi dola zake kila mwezi kwa miaka kumi kwa ajili ya bomba la maji. Atatoa kwa ajili ya binti mwenye sare ya bluu ambaye picha yake ameibandika kwenye friji. Na binti huyo, pengine, anachohitaji kuliko vyote ni bomba la maji.

Wakosoaji waliliona hilo mapema. Mwaka 1982 jarida la New Internationalist la Uingereza lilitoa toleo zima la kuwasihi wasomaji wasimfadhili mtoto. Hoja zake zilikuwa za uchungu na nyingi zilikuwa za haki: ufadhili hutenga mtoto na ndugu zake, huleta husuda, hula fedha nyingi kwenye barua na picha, na humfanya mzazi aonekane hana kazi. Mwanaanthropolojia Erica Bornstein, aliyefuatilia kazi ya World Vision huko Zimbabwe miaka ya 1990, alikuta husuda hiyo ndani ya familia na kwa majirani. Anayejua maisha ya kijiji hatashangaa. Mtoto mmoja wa ukoo kuletewa baiskeli kutoka Marekani si habari ndogo.

World Vision, kama ActionAid, ilijibu kwa kubadili matumizi ya fedha. Picha ya mtoto ikabaki kwenye friji, lakini mchango wa mfadhili ukaunganishwa na wa wengine kuendesha miradi ya eneo zima: visima, zahanati, mbegu, madarasa, vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa maendeleo ya vijijini ilikuwa busara. Kwa mfadhili ilileta swali gumu: kama fedha zangu zimechimba kisima, nimemfadhili nani? Maelezo yaliandikwa kwenye vipeperushi, lakini herufi za maelezo huwa ndogo na picha huwa kubwa. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi uliotikisa sekta nzima. Waandishi na wahariri walikuwa wamejisajili kama wafadhili wa watoto 12 kupitia mashirika manne, kisha wakaenda kuwatafuta. Mtoto mmoja wa Mali alikuwa ameshafariki, na michango kwa jina lake ilikuwa bado inapokelewa. Wengine walikuwa wamepata kidogo sana kuliko alivyodhani mlipaji.

Compassion ilishika njia nyingine, ile iliyoonekana ya kizamani. Haikuacha mtoto mmojammoja, na haikufanya kazi ila kupitia kanisa la mahali. Tanzania utaikuta kwenye uwanja wa kanisa la kijiji siku ya Jumamosi: watoto wamekaa kwa makundi ya umri, chungu cha wali na maharage kiko jikoni, mhudumu anapima uzito, mwingine anafundisha Biblia, mwingine ana rundo la barua. Kila mtoto ana namba inayoanza na herufi za nchi. Watoto wa dini zote hupokelewa, ingawa mafundisho ni ya Kikristo waziwazi, na wazazi Waislamu wanaowaandikisha wanao wanajua hivyo. Wapo wanaokubali, wapo wanaokataa.

Barua ndiyo kiini cha mambo. Mtoto wa darasa la kwanza asiyejua kuandika huchora ng'ombe na nyumba, mhudumu akamwandikia salamu. Mkubwa huandika mwenyewe kwa Kiswahili, mfasiri akaigeuza Kiingereza, na jibu likarudi kwa njia ileile. Nimesoma barua za namna hii na nakiri nyingi zinafanana: naendelea vizuri na masomo, mvua hazijanyesha, nakuombea wewe na familia yako. Mfadhili akituma zawadi ya fedha, familia hukaa na mhudumu kuamua inunue nini: godoro, mabati, magunia ya mahindi, mbuzi. Kisha mtoto hupigwa picha na mbuzi wake, kwa sababu mtoaji lazima aone. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini familia nyingi zimeanza ufugaji kwa mbuzi wa kupigwa picha.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa hakika kama haya yote yanasaidia. Mwaka 2013 wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walitoa jibu katika Journal of Political Economy. Waliwatafuta watu wazima 10,144 katika nchi sita: Uganda, Kenya, Guatemala, Bolivia, India na Ufilipino. Walichotumia ni kanuni ndogo ya kiofisi. Mradi wa Compassion ulipofunguliwa kijijini, mtoto mwenye zaidi ya miaka 12 hakuandikishwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba ileile kulikuwa na kaka aliyekosa kwa kuzaliwa mapema na mdogo wake aliyepata. Ukilinganisha hao wawili, pamoja na majirani zao, unakaribia kujua ufadhili umefanya nini.

Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma kati ya mwaka 1.03 na 1.46 zaidi. Walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza sekondari na kupata kazi ya mshahara, na matokeo yalikuwa makubwa zaidi Afrika. Utafiti uliofuata ulikuta kipato chao kimezidi kwa dola 13 hadi 17 kwa mwezi. Si utajiri, ila kijijini si haba. Watafiti walipouliza kwa nini, sehemu ya jibu haikuwa kwenye mabegi wala sare. Ilikuwa kwenye matarajio. Watoto waliofadhiliwa walijiona wakisonga mbele zaidi shuleni na kupata kazi za ofisini. Huko Indonesia watoto 540 walipewa kalamu za rangi wajichore wenyewe, na michoro ya waliofadhiliwa ilionyesha matumaini zaidi.

Matokeo haya yaliwashangaza wengi, mimi nikiwamo, maana yalitoka kwenye mtindo ule uliodhihakiwa kwa miaka thelathini. Hata hivyo yasinyooshwe kupita kiasi. Utafiti ulihusu shirika moja, na ulipima mtu, haukupima kijiji. Kaka mtu aliyezaliwa mapema bado yuko pale, akilima shamba lilelile.

Jambo la pili ambalo takwimu hazilitatui ni nani anayeshika kitasa cha mlango. India, ambako Compassion ilikuwa tangu mwaka 1968, serikali iliibana mwaka 2016 kwa sharti la kibali kabla ya kupokea fedha za nje, ikilituhumu kubadili watu dini. Shirika lilikanusha. Machi 2017 likafunga, na watoto wapatao 147,000 wakakosa ufadhili. Mtoto anayetegemea barua ya mtu mmoja hupoteza kila kitu siku posta inapokatwa.

Korea yenyewe ilitoka kwenye ufadhili kwa njia nyingine. World Vision ya huko ilianza kuchangisha kwa ajili ya nchi nyingine mwaka 1991. Compassion ilifunga kazi yake Korea mwaka 1993, ikarudi mwaka 2003, safari hii kutafuta wafadhili. Mashirika hupenda kuisimulia habari hii, na ni habari nzuri, ila husimuliwa nusu. Wakorea waligawa ardhi kwa wakulima wadogo, wakawapeleka karibu watoto wote shule ya msingi ifikapo miaka ya 1960, kisha wakajenga viwanda. Ufadhili uliwaweka watoto hai na darasani mpaka sera zilipowafikia.

Kwetu, Uganda iliondoa ada ya shule ya msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2002 na Kenya mwaka 2003. Tanzania ikaongeza mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Mzigo mkubwa uliowaleta wafadhili miaka ya 1980 umechukuliwa, angalau kwenye karatasi, na serikali. Kilichobaki kwa mfadhili ni sare, chakula cha mchana, matibabu, hosteli ya binti anayetembea kilomita nyingi kwenda sekondari ya kata, na ile barua. Mashirika nayo yanageuza mambo: tangu mwaka 2019 World Vision huwapa watoto picha za wafadhili ili wao ndio wachague. Mtoto sasa anachagua uso. Kiasi cha fedha na matumizi yake bado vinaamuliwa mahali ambapo yeye na mama yake hawajaalikwa kikao.