504 ya Baba

Baba yangu alikuwa dereva teksi hapa Dar, na hadi anafariki alituambia kwamba gari lake lilikuwa Peugeot 504. Hakuridhika ukisema "Pijo" tu. Ilikuwa lazima umalizie na namba. Tulipofungua sanduku lake la vyeti baada ya arobaini, tukakuta kipande cha chuma kimefungwa kwenye kitambaa: tarakimu 504, kromu imevimba malengelenge.

Mimi ni mwandishi wa habari, nikaona hapa pana makala. Nikaelekezwa Tandika, wilayani Temeke, kwa mzee mmoja fundi mstaafu anayekusanya nembo za magari ya zamani. Hanunui dukani. Ananunua kwa vijana wa vyuma chakavu kabla hawajapeleka mzigo kwenye mzani, maana kwenye mzani Bedford, Morris na Datsun zote ni kilo tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuza au kuuliza?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza. Akacheka, akavuta kopo la rangi lililojaa nembo.

Somo lilianza na sumaku. Nembo nyingi za zamani ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu kisha ikapakwa kromu, kwa hiyo sumaku haizikamati. Hewa ya chumvi ya mji wetu huingia chini ya kromu na kuiumua. Za siku hizi ni plastiki, nyepesi, zinabandikwa. Kisha unasoma jina: kampuni ya Nissan ilianza kuliondoa jina Datsun mwaka 1981, kwa hiyo jina hilo kwenye pikapu linakupa umri wake kwa kukadiria. Kisha unasoma picha. Simba wa Peugeot 404 ni kichwa tu ndani ya ngao. Baadaye simba akarudi mzima, amesimama kwa miguu ya nyuma.

Magari hayo mawili yana historia yake kwetu. 404 ilitoka mwaka 1960, na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na 1967 mfululizo. Baada ya hapo nani angemwambia mtu wa Dar kwamba Pijo si gari? 504 ilifuata mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya mwaka 1969. Kwa dereva teksi, 404 ilikuwa kazi. 504 ilikuwa heshima.

Halafu hali ikabana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, mafuta yakapanda bei tena mwaka 1979, fedha za kigeni zikakauka. Spea hakuna. Mzee anasema ndipo mafundi walipojifunza kuoanisha visivyooana: mlango wa gari hili, taa ya lile, shoo ya mbele ya jingine. "Ukitaka kulijua gari la miaka ile," akaniambia, "usisome nembo. Nembo inahama. Tazama matundu."

Nikampa ya baba. Hakuigeuza mara mbili. Nyuma ya nembo ya aina hiyo huwa na vijiti vinavyopita kwenye matundu ya bodi na kukazwa kwa ndani. Vya hii vilikuwa vimekatwa kwa msumeno, na juu ya vikonyo vyake kulikuwa na gundi ya njano iliyokauka kama ulimbo.

"Hii haikufungwa, mwanangu. Imegandishwa. Una picha ya gari?"

Nilikuwa nayo kwenye simu: mama amevaa khanga, ameegemea buti, Mwananyamala. Mzee akaikuza kwa vidole viwili. Taa za nyuma zimesimama wima, na pembeni mapezi madogo kama ya samaki.

"404," akasema, akanirudishia simu taratibu, kama mtu anayekupa habari za msiba. "Wengi walifanya. Abiria akiona 504 anapanda."

Nilirudi na daladala nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Miaka yote hiyo! Lakini kuanzia Tandika hadi Magomeni nilipata muda wa kufikiri. Vitabu vya uchumi vinasema miaka ile gari jipya lilikuwa halipatikani. Havisemi mtu aliyekuwa na gari kuukuu aliamkaje asubuhi akaenda kugombania abiria. Kile kipande cha chuma kinasema, ila lazima ukigeuze.

Jioni nikamuuliza mama, kwa kuzungukazunguka, kama aliwahi kujua.

"Ile ya gundi?" akasema. "Baba, mimi ndiye niliyeishikilia mpaka ikakauka. Mkono uliniuma siku mbili."

Kwenye makala nimeandika: Peugeot 404, nembo ya 504. Mama ameisoma, akasema niache hivyohivyo.