Bandhavgarh: Pori Lililoota Juu ya Mji

Watalii wengi wanaokwenda Bandhavgarh, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, humfuata chui milia. Hawakosei, kwani hifadhi hii inasifika kwa wingi wa mnyama huyo, naye hukaa humo pamoja na dubu, nguruwe pori, swala wa madoa na ndege wa aina nyingi. Wengi hurudi wakisimulia kwamba wameona pori ambalo binadamu hakuwahi kuligusa. Insha hii inapinga kauli hiyo. Pori la Bandhavgarh ni zao la historia, na kusahau hivyo kunawaumiza watu walio hai leo.

Ushahidi wa kwanza umo katika mawe. Kwenye vilima vinavyoizunguka ngome kongwe kuna mapango yaliyochongwa kwa mikono, na kutani mwa baadhi yake yamo maandishi ya Kibrahmi ya karne za mwanzo BK. Maandishi hayo yanataja watawala, wafanyabiashara na miji ya mbali kama Mathura na Kaushambi. Kwa hiyo misafara ya biashara ilipita hapa, na wenye mali walichonga mahali pa kupumzikia. Karne ya 10, wakati wa utawala wa Kalachuri, ilichongwa sanamu kubwa ya mungu Vishnu akiwa amelala juu ya nyoka, karibu na chanzo cha kijito cha Charanganga. Mwaka 2022 wanaakiolojia wa serikali ya India walitangaza kwamba wamekagua takriban kilomita za mraba 170 na kukuta mapango 26 ya Kibuddha na mahekalu 26. Ukaguzi uliotangulia ulifanyika mwaka 1938.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Bandhavgarh wajenzi walitangulia, miti ikafuata. Mwaka 1617 watawala wa ukoo wa Baghel walihamishia makao yao makuu Rewa. Ngome ikapungukiwa na watu, msitu ukasonga mbele, na eneo likawa uwanja wa kuwindia wa wafalme. Hapa pana kinaya: msitu ulilindwa ili wanyama wake wauawe na wachache. Mfalme Venkat Raman Singh anatajwa kuwa aliua zaidi ya chui milia 100 kufikia mwaka 1914. Mjukuu wake, Martand Singh, alimkamata mtoto wa chui milia mweupe aliyeitwa Mohan mwaka 1951. Ni katika enzi ya mfalme huyohuyo wa zamani, mwaka 1968, eneo lilipofanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1993 liliingizwa katika mradi wa serikali wa kuwalinda chui milia.

Wapo watakaosema kwamba bila wafalme hao msitu ungekwisha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaacha nje upande mmoja. Jamii za Wagondi na Wabaiga zimeishi katika misitu ya sehemu hizi, zikitegemea asali, matunda na mashamba madogo. Mfalme alipokuwa mwenye msitu, wao walikuwa wakutafuta ruhusa. Serikali ilipochukua nafasi yake, vijiji vikaanza kuhamishwa kutoka ndani ya hifadhi. Ukishamwaminisha msomaji kwamba pori halikuwahi kuwa na watu, mwanakijiji anayedai ardhi ya babu zake ataonekana mvamizi.

Sisemi kwamba chui milia asilindwe. Idadi yake duniani ni ndogo, na bila hifadhi kama hii angekuwa hatarini zaidi. Ninachodai ni kwamba ulinzi wake usijengwe juu ya historia iliyofutwa. Tunapoambiwa kuwa mahali fulani ni pori tangu asili, wajibu wetu kama wanafunzi wa historia ni kuuliza nani aliishi hapo, aliondoka lini, na kwa amri ya nani. Kwa Bandhavgarh, sehemu ya majibu imechongwa kwenye mapango. Nyingine wanayo wazee wa vijiji vilivyohamishwa, na hao hawatatungoja miaka 84 kama mawe yalivyongoja.