Uhimilivu darasani: nani anamtua mtoto mzigo?

Wanaofuatilia hotuba za bajeti za Tanzania wanalijua neno himilivu. Mara kwa mara huambiwa kwamba deni la taifa ni himilivu, yaani linabebeka. Watu wa tabianchi nao wakalidaka, wakawa na uhimilivu wa ukame na mafuriko. Sasa linabisha hodi shuleni, ambako walimu wanatafuta jina la ule uwezo wa mtoto kufeli, kuumia, kisha kuinuka na kuendelea kujifunza. Wengine huandika ustahimilivu, wengine ukakamavu. Wenye haraka huandika uvumilivu, na hao ndio ninaogombana nao.

Anayeambiwa “vumilia” mara nyingi ameambiwa anyamaze, na huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hakuna wa kufundishwa hilo. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, familia nyingi za Walugbara wa huku zilikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, huku huku West Nile, katika eneo la Ayivu. Chuo cha Mtakatifu Yosefu, Ombaci, kinafundisha hadi leo. Wajukuu wa kizazi kile wakihimizwa wavumilie, wameongezewa nini?

Himili lina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na hamali wa bandarini. Ni neno la mzigo, na mzigo huleta maswali yake: una uzito gani, nani kamtwika mtoto, na nani yuko karibu wa kumtua? Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia hadi utu uzima watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na misukosuko ya nyumbani, takriban theluthi moja walikuja kuwa watu wazima waliotulia na kujimudu. Jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, awe bibi, jirani au mwalimu. Kwa hiyo uhimilivu haukai kifuani mwa mtoto peke yake. Ustahimilivu nao ni wa ukoo huo huo, na sitamkosoa anayelitumia.

Mzigo wa Ayivu una mahali pake, nao ni darasa la nne. Kwa mtaala ulioanza kuenea Uganda mwaka 2007, shule za vijijini hufundisha kwa lugha ya mahali katika madarasa matatu ya kwanza, na huku lugha hiyo ni Kilugbara. Darasa la nne Kiingereza kinaanza kuwa lugha ya kufundishia. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila mara anageuka bubu, na pengine anaitwa mzito. Juu ya hayo, shule za nchi nzima zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa awamu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Waliorudi walikuta madarasa yao yamewapita.

Uhimilivu una istilahi jirani, ile ya kutoiacha kazi ngumu. Mimi huiita ung'ang'anizi, ingawa najua neno hili lina harufu ya ubishi. Harufu hiyo ina faida. Chukua 402 toa 178. Mtoto anaandika 376, kwa kuwa kila safu ametoa tarakimu ndogo katika kubwa. Anaambiwa arudie. Anarudia kwa njia ile ile, anapata 376 tena, safari hii kwa mwandiko mzuri zaidi. Huyo ameng'ang'ana kwelikweli, na hajasogea. Kumsifu kwa bidii hakumsaidii.

Kinachomsaidia ni mwalimu kuuliza, “Hebu nionyeshe, ulianzia wapi?” na kumwacha aeleze kwa Kilugbara hata kama ubaoni pameandikwa Kiingereza. Kisha mafungu manne ya vijiti mia mia na vijiti viwili vya mojamoja mezani: vinane utavitoaje katika viwili? Kwenye makumi hakuna kitu, basi mia moja ifunguliwe. Akifika 224, sahihisho lipewe alama daftarini. Walimu wengi hutia alama jaribio la kwanza tu, na mtoto hujua kuhesabu faida: kama kurudia hakulipi, hatarudia.