"Borrow me a pen"

Kimya kimekuwa kirefu, najua. Nilikuwa nyumbani Samunge kwa mazoezi ya kufundisha. (Na nyie mnaoniuliza kama nimewaletea kikombe cha Babu, jamani, yale yalikuwa ya 2011, na mzee mwenyewe alishafariki 2021. Niacheni nipumue.)

Basi, siku ya pili tu, kidato cha kwanza, binti mmoja akasimama: "Sir, borrow me a pen." Mi nikacheka. Nikaandika "lend" ubaoni kwa maringo yote ya mwanachuo. Akauliza kwa adabu, kwa Kiswahili: "Samahani mwalimu, kwani tofauti yake nini?" Nikafungua mdomo, jibu halikuja. Sisi si tunasema "niazime kalamu", halafu tunasema "nimeazima kalamu"? Kalamu ikienda, ikirudi, neno ni lilelile. Kumbe yule binti alikuwa ametafsiri sawasawa kabisa.

Kuanzia hapo maswali yakawa kibao. Mtu amekaa, kwa nini si "he has sat"? Mwalimu akiniuliza "Haven't you eaten?" na kweli sijala, mbona nikijibu "yes" anadhani nimeshiba? Na "he" na "she" ndiyo usiseme, insha nzima mama wa mtu ni "he". Lakini lugha zetu za Kibantu hazitenganishi hayo. Wengi kwetu wanaanza na Kisonjo nyumbani, shuleni wanakutana na Kiswahili, Kiingereza kinakuja cha tatu.

Jioni nikawa nawaza, hivi tulifikaje hapa? Mwaka 1967, baada ya Elimu ya Kujitegemea, shule za msingi za serikali zikafundisha kwa Kiswahili. Sekondari ikabaki Kiingereza. Yaani mtoto anamaliza darasa la saba, akirudi likizo anakuta baiolojia imegeuka lugha. Wakubwa waliliona hilo. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, katika ripoti yake ya 1982, ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kusoma kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakakagua Kiingereza mashuleni wakakuta wanafunzi wengi hawakiwezi kiasi cha kusomea masomo mengine. Ungetegemea waseme basi kiachwe. Wapi! Wakashauri kibaki ila kiimarishwe, na Uingereza ikagharamia mradi wa kukiimarisha kuanzia 1987, na vitabu vya hadithi vya kusoma. Mimi hapo ndipo nanuna. Mgonjwa kapimwa vizuri, dawa kapewa ileile.

Sera iliyozinduliwa Februari 2015 ilifungua mlango wa Kiswahili ngazi zote. Lakini mi juzi nilikuwa darasani, na somo la historia nililifundisha kwa Kiingereza. Nikieleza biashara ya watumwa kwa Kiingereza, wananiangalia tu. Nikirudia kwa Kiswahili mikono inajaa hewani. Mkaguzi wangu akiingia nabadilisha lugha haraka kama mwizi.

Wengine mtasema wapigwe marufuku tu, watazoea. Mi nilipitia hiyo. Kuna shule moja (siitaji) nilivalishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, nikashinda nacho hadi jioni. Sikujifunza Kiingereza siku ile, nilijifunza kunyamaza. Nilikaa muhula mzima sijauliza swali hata moja, na yule binti wa kalamu kaniuliza siku ya pili tu. Na mimi nilimcheka!

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake, halafu tukachora ubaoni kalamu na mishale miwili, mmoja unatoka, mmoja unaingia. Wakaelewa ndani ya dakika tano, na hiyo nilieleza kwa Kiswahili.

Haya, niwaache. Ripoti ya mazoezi inatakiwa Ijumaa, inaandikwa kwa Kiingereza, na mimi niko ukurasa wa pili. Mwenye kamusi aniazime.