Hadhira Iliposhika Ufunguo

Ndugu zangu wa Pwani mnaokuja Nairobi, wengi wenu mnaijua Adams Arcade kwa maduka yake. Zamani palikuwa na sinema pia, Metropole, na huko kazi ya mtazamaji ilikuwa kulipa, kukaa na kutazama. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye Barabara ya Ngong, katika jengo la Bishop Magua, ndiko ilikofunguliwa iHub mwezi Machi 2010. Aliyeianzisha, Erik Hersman, alikuwa mmoja wa waundaji wa mtandao wa Ushahidi.

Mtandao huo ulizaliwa kwa dhiki. Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wanauawa, nyumba zinachomwa, na habari hazitoki. Mwanasheria Ory Okolloh akatoa wito kwenye intaneti: nani atatengeneza ramani ya yanayotendeka? Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaijenga kwa siku chache tu. Aliyeona jambo alituma ujumbe, likawekwa kwenye ramani. Januari 2010 programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Si kwamba kabla ya hapo tulikuwa mabubu. Nani asiyezikumbuka kadi za salamu redioni? Lakini mtangazaji ndiye aliyechagua kadi ya kusoma. Ufunguo ulikuwa wake.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2015 CNN iliiita Kenya kitovu cha ugaidi. Wakenya waliichachamalia mtandaoni hadi mkubwa wake, Tony Maddox, akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kwenye simu zao, wakaingia barabarani, na Rais Ruto akakataa kuutia saini. Wengine walilipa kwa roho zao.

Kinachonitia hofu ni hiki: mwaka 2008 simu zizo hizo zilibeba pia jumbe za chuki. Ndiyo maana watu wa Ushahidi walijitahidi kulinganisha taarifa moja na nyingine. Kazi hiyo haina sifa, lakini bila yake ramani ni uvumi mtupu. Katika vikundi vyetu vya WhatsApp, sauti ya mtu asiyejulikana huzunguka kutoka Likoni hadi Lamu kabla ya adhuhuri. Kikundi kinahitaji angalau mtu mmoja wa kupiga simu mahali palipotajwa na kuuliza. Katika vikundi nilivyomo mimi, bado sijamwona.