Manowari Petard na Msafara Uliotoka Kilindini

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za manowari kubwa zenye mizinga mizito. Lakini katika vita vya pili vya dunia, kazi ngumu iliyodumu mchana na usiku ilikuwa ya manowari ndogo zilizolinda misafara ya meli. Basi leo nataka kuwaeleza habari za moja katika hizo, jina lake Petard, kwa kuwa habari zake zimeungana na habari za vijana wa nchi zetu.

Petard ni jina la baruti waliyotumia watu wa zamani kuvunjia milango ya ngome. Manowari hii iliundwa Uingereza, katika mto Tyne, ikashushwa majini mwaka 1941, na mwaka uliofuata ikaanza kazi. Adui yake mkubwa alikuwa nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji. Nyambizi haionekani, hunyemelea, hupiga, kisha huzama. Kwa hiyo mlinzi wa msafara alikuwa na chombo cha kupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, na mapipa ya baruti ya kutupwa baharini ili yalipuke kilindini.

Usiku wa tarehe 30 Oktoba, 1942, katika Bahari ya Kati, kaskazini ya mdomo wa Nili, Petard na wenzake waliiwinda nyambizi ya Wajeremani, U-559, saa nyingi hata ikashindwa ikapanda juu. Mabaharia wake wakaiacha inazama. Ndipo Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier wa Petard walipoingia ndani yake gizani, wakatoa vitabu vya siri. Kijana Tommy Brown, mtumishi wa duka la manowari, mwenye umri wa miaka 16 tu, alikuwa ngazini akivipokea. Mara nyambizi ikadidimia. Brown aliokoka, Fasson na Grazier hawakuonekana tena.

Vitabu vile vilipelekwa Bletchley Park, Uingereza. Tangu Februari mwaka ule wataalamu wa huko walikuwa hawawezi kusoma barua za simu za nyambizi za Wajeremani zilizokuwa katika Atlantiki. Mwezi Desemba wakaweza tena, na misafara mingi ikapitishwa mbali na hatari. Jambo hili lilifichwa miaka mingi baada ya vita.

Mwezi ule ule wa Desemba Petard, pamoja na manowari ya Wayunani, iliiangamiza nyambizi ya Wataliani iitwayo Uarsciek, jina litokalo katika mji wa Warsheikh, pwani ya Somalia.

Sasa tufike kwetu. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon. Katika meli moja, Khedive Ismail, walikuwamo watu 1,511: askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, mabaharia, wauguzi wanawake, na wengine. Walinzi walikuwa manowari Hawkins, na baadaye wakaja Petard na Paladin.

Tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kabla ya dakika tatu kutimia. Wengi walikuwa chini, hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani mzito. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji, karibu na waliokuwa wakiogelea. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alijua kwamba akiiacha, meli nyingine zilizojaa watu zaweza kupigwa. Na akitupa baruti, atawaua aliokuja kuwalinda. Aliamuru baruti itupwe. Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia; siku ile nyasi walikuwa watu wenye majina na wazazi.

Nyambizi ilipanda juu. Mizinga haikuweza kuivunja. Paladin ikaumizwa ubavuni ilipoikaribia mno. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine, na ile ya saba ndiyo iliyoimaliza. Watu 1,297 wa Khedive Ismail walikufa. Waliookolewa ni 214.

Hivyo Petard ikashiriki kuzamisha nyambizi za mataifa matatu adui. Baada ya vita ilitumika miaka kadhaa, hata mwaka 1967 ikavunjwa iwe vyuma vikuukuu.

Wasikilizaji, ushindi huu una uchungu ndani yake, wala si haki kuusimulia nusu. Majina ya askari wetu waliozama yameandikwa Nairobi, katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki. Bahari haiweki alama ya kaburi. Kwa hiyo apitaye pale na asimame kidogo, ayasome.